UZI: Reli ya mjini hadi uwanja wa ndege, tunaipanga vibaya wapi?

#1 Njia Mbili (mleta mada)

Wakuu, kila mji ukipata fedha za reli mpya, swali la kwanza la wanasiasa ni lilelile: je, itafika uwanja wa ndege? Swali halina ubaya. Ubaya uko kwenye jibu wanalolipenda: treni maalumu, inatoka katikati ya mji haisimami popote, nauli mara tatu au nne ya treni ya kawaida, na kwenye tangazo yupo bwana wa suti na kibegi kimoja cha mkononi. Mimi nasema jibu hilo mara nyingi ndilo linaloua mradi. Uwanja wa ndege uwe kituo kwenye reli ileile inayowabeba watu wa mji, basi. Nashusha mifano, mwenye kupinga apinge.

Shanghai kwanza, maana ndiyo inayotajwa sana. Treni ya sumaku ya uwanja wa Pudong ilizinduliwa mwishoni mwa 2002. Kilomita 30, dakika kama 8, na kwa miaka mingi ilikuwa inagusa kilomita 430 kwa saa. Sasa teremka: uko Longyang Road, pembeni ya mji, na safari yako bado mbichi. Unaburuta begi hadi kwenye metro kuendelea na ulikokuwa unakwenda. Mwaka 2010 laini ya 2 ya metro nayo ikafika Pudong. Ni ya polepole na inasimama kila mahali, lakini inapita katikati ya mji na kuendelea hadi uwanja wa pili, Hongqiao, upande wa magharibi. Ukiwa na haraka ya kufika nyumbani kwako, si haraka ya kupiga picha ya kipima mwendo, unafikiri mara mbili kabla ya kupanda ile ya sumaku.

Toronto. UP Express ilianza Juni 2015, kutoka stesheni kuu ya Union hadi uwanja wa Pearson kwa dakika 25. Nauli dola 27.50 za Kanada, au 19 kwa mwenye Presto, kadi ya nauli ya huko. Watu hawakupanda. Machi 2016, mwaka haujatimia, nauli ikashushwa hadi 12, na 9 kwa kadi, na abiria wakaongezeka haraka. Reli ni ileile, mabehewa ni yaleyale, ratiba ni ileile. Wakati huo ilikuwa na vituo viwili njiani, Bloor na Weston, na nauli ilipokuwa ya kibinadamu wakazi wa huko nao wakaanza kuitumia kwenda kazini.

Wa tatu ndio ninaoupenda zaidi, Orlyval ya Paris. Mwaka 1991 kampuni binafsi ilijenga kitreni kisicho na dereva kutoka Antony, ambako RER B, treni ya mji na vitongoji, inapita, hadi uwanja wa Orly. Kwenye makaratasi abiria walikuwa wengi. Waliotokea walikuwa wachache, kwa sababu ilibidi ushuke RER, upande kingine, ulipe nauli yake peke yake. Kampuni ikashindwa, na mwaka 1993 RATP, shirika la usafiri la umma la Paris, ikakichukua. Juni 2024 ndipo metro ya laini ya 14 ikafika Orly, ikitokea Saint-Denis kaskazini na kupita Saint-Lazare, Châtelet na Gare de Lyon. Miaka 33 kugundua kwamba watu wanataka treni ya kawaida inayopita mjini.

Sababu iko wazi. Msafiri hahesabu dakika za ndani ya treni, anahesabu tangu anafunga mlango wa nyumba hadi anafika kwenye dawati la ndege. Wapangaji wa usafiri wenyewe, kwenye hesabu zao, huipa dakika ya kusubiri uzito wa karibu mara mbili ya dakika ya kukaa kwenye kiti, na kila kubadilisha treni huwekewa adhabu yake juu. Hiyo ni kwa mtu mwenye mikono mitupu. Mwongezee begi la kilo 23 na mtoto.

#2 Zamu ya Alfajiri

Mleta mada umeongea vizuri ila umetusahau sisi. Uzi wote ni abiria wa ndege, abiria wa ndege.

Nafanya kazi uwanjani, sitautaja ni upi, upande wa mizigo. Zamu yangu inaanza saa kumi alfajiri. Treni ya kwanza inaingia zaidi ya saa moja baadaye. Kwa hiyo reli iliyogharimu mabilioni inapita chini ya miguu yangu na mimi nachangia mafuta na wenzangu watatu kwenye gari moja bovu. Usiku ni vilevile: ndege ya mwisho ikichelewa nusu saa tu, treni ya mwisho imeshaondoka, na hapo sisi na abiria tunakuwa kitu kimoja, foleni ya teksi.

Halafu kituo chenyewe. Wamekichimba chini ya jengo la abiria, pazuri kweli, panang'aa. Maghala ya mizigo yako ng'ambo ya njia ya kurukia ndege. Jiko linalopika chakula cha ndege liko huko. Karakana za ndege ziko huko. Hakuna aliyekumbuka kuweka hata basi la kuzunguka.

Fanyeni hesabu hii ndogo. Abiria wa kawaida wa ndege anakuja uwanjani mara chache kwa mwaka. Mimi nakuja siku tano kwa wiki, kwenda na kurudi. Heathrow ya London ina wafanyakazi zaidi ya 70,000, Frankfurt inakaribia 80,000. Huo ni mji mzima unaosafiri kila siku, mvua, jua, msimu wa watalii na usio wa watalii. Nani mteja wa uhakika hapo?

#3 Mwendokasi Tu

Naona uzi umeegemea upande mmoja, ngoja nitie neno.

Treni maalumu zinafanya kazi zikifanywa kwa akili. Oslo: uwanja wa Gardermoen ulifunguliwa 8 Oktoba 1998 ukiwa karibu kilomita 50 kutoka mjini, na treni ikaanza siku hiyohiyo. Flytoget inakwenda kilomita 210 kwa saa, dakika 19 hadi Oslo. Jaribuni kuwapeleka watu kilomita 50 kwa metro inayosimama vituo 25 muone kama hawataita teksi. Hong Kong, Julai 1998, uwanja na Airport Express pamoja: dakika 24 hadi katikati ya mji, unakabidhi begi lako la ndege mjini kwenye stesheni na kulisahau, unakwenda ofisini, jioni unapanda ndege. Na ukifika uwanjani unatoka kwenye treni na kusukuma toroli hadi ukumbi wa kuondokea bila kupanda ngazi hata moja, kwa sababu jukwaa liko usawa mmoja na ukumbi.

Treni ya kila mtu maana yake ni kwamba saa za kilele mwenye begi anabanwa mlangoni na watu wanaokwenda kazini, wote wanachukiana. Wenye safari za biashara watarudi kwenye magari. Na hao ndio wenye hela ya kulipia reli.

#4 Njia Mbili (mleta mada)

Zamu ya Alfajiri, umenikata vizuri. Ulichoandika ndicho kiini cha hoja yangu kuliko nilivyoiandika mwenyewe.

Mwendokasi Tu, asante, mifano yako ni mizuri na inanisaidia mimi. Angalia vizuri reli inayotumika. Flytoget haina reli yake peke yake: njia ya Gardermoen inatumiwa pia na treni za kawaida za mikoani, zinazofika uwanjani dakika chache nyuma yake kwa nauli ndogo. Na Flytoget yenyewe haifii Oslo, inavuka mji hadi Drammen upande wa pili. Hong Kong hivyohivyo, Airport Express inagawana njia na laini ya Tung Chung inayobeba wakazi wa kawaida. Kuala Lumpur walifanya hivyo 2002: KLIA Ekspres inapita moja kwa moja kwa dakika 28, na KLIA Transit kwenye reli zilezile inasimama njiani. Mwenye haraka na hela analipia haraka yake, mwingine anapanda ya kawaida, reli ni moja. Hapo sina ugomvi kabisa.

Ugomvi wangu ni pale treni ya kifahari inapopewa ufunguo wa lango. Stockholm ndiyo mfano. Arlanda Express ilianza 1999, kampuni binafsi ilijenga reli na ikapewa haki ya kuiendesha kwa miaka mingi. Treni nyingine zinafika pia kwenye stesheni ya Arlanda, lakini abiria wake wanalipa ada ya kupita hapo juu ya tiketi yao. Matokeo yake wenyeji wanapanda treni hadi Märsta, wanashuka, wanamalizia na basi la kawaida ili kuikwepa ada. Reli ipo hadi chini ya jengo, na watu wanapanda basi.

London nao wamejaribu kila dawa kwenye uwanja mmoja. Metro ya Piccadilly ilifika Heathrow 1977. Heathrow Express ikaja 1998, dakika 15 hadi Paddington, na Paddington iko pembeni ya magharibi, kwa hiyo wengi wanabadilisha treni. Mei 2022 Elizabeth line ikafunguliwa. Hiyo haina haraka kama Express, lakini ukikaa kwenye kiti kimoja inakupitisha Paddington, Tottenham Court Road, Farringdon, hadi Liverpool Street. Aliyekuwa akijisifu kwa dakika 15 zake anazimaliza kwenye ngazi za umeme za Paddington.

#5 Fundi Mihimili

Nimejenga stesheni, kwa hiyo niongee ya kwetu.

Mnabishana kuhusu nauli na kasi, lakini jambo kubwa kuliko yote linaamuliwa miaka ishirini kabla na mtu mwenye penseli: je, uwanja wa ndege ni mwisho wa reli au reli inapita? Kituo cha mwisho kina gharama isiyoonekana. Treni ikifika inabidi igeuze. Dereva anatembea urefu wa treni nzima kwenda kichwa cha upande wa pili, njia inakuwa imezibwa, na treni inayofuata inasubiri nje. Kwenye kituo cha kupita, treni inasimama dakika mbili na kuondoka. Kwa idadi ileile ya majukwaa unapitisha treni nyingi zaidi. La pili, kituo cha kupita kinapata abiria kutoka pande zote mbili, kwa hiyo behewa halirudi tupu.

Waliolielewa hili mapema ni Waswisi na Waholanzi. Zürich, 1980, reli ilipitishwa chini ya uwanja wa ndege ikiwa ni njia kuu ya kwenda Winterthur na mashariki. Treni iliyotoka Geneva kwenda St. Gallen inapita pale kama inavyopita kituo kingine chochote. Schiphol, uwanja wa Amsterdam, walianza 1978 na kipande kifupi, wakaunganisha na Amsterdam Centraal 1986, wakajenga stesheni mpya 1995, na leo ni moja ya makutano makubwa ya nchi nzima: majukwaa yako chini ya ukumbi, unatoka kwenye mkanda wa mizigo na ngazi ya kuteremkia iko mbele yako. Kastrup, Copenhagen, stesheni ilifunguliwa 1998, miaka miwili baadaye daraja la Øresund likakamilika na uwanja ukawa njiani kati ya nchi mbili.

Linganisha na San Francisco. BART, treni ya mji na vitongoji vyake, ilifika uwanjani 2003, lakini uwanja ukawekwa kwenye kijitawi pembeni, na kituo cha Millbrae kikawa kwenye mkono mwingine wa pembetatu. Ili treni moja ihudumie vyote viwili lazima ibadili mwelekeo. Wamebadilisha mpangilio wa ratiba mara nyingi tangu hapo, leo hivi kesho vile, kwa sababu umbo la reli halina jibu zuri. Ratiba haiwezi kurekebisha zege.

Halafu kuna suala la kuacha nafasi. Uwanja wa Dulles nje ya Washington ulifunguliwa 1962, na waliouchora waliacha ukanda katikati ya barabara ya kuingilia kwa ajili ya reli ya baadaye. Reli ilikuja Novemba 2022. Miaka sitini, lakini ilipokuja sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa inasubiri, hakuna nyumba ya kubomoa kwenye ukanda ule. Narita, uwanja wa Tokyo, walikuwa na stesheni ya shinkansen, treni ya mwendo kasi ya Japani, iliyochimbwa chini ya jengo la abiria, mradi wa shinkansen ukafa, na tangu 1978 abiria wa treni walikuwa wanashuka mbali na kumalizia kwa basi. Mwaka 1991 treni za kawaida zikaingizwa kwenye shimo lilelile. Shimo lililochimbwa mapema halipotei, hata likikaa bure muda mrefu.

Hilo la kukaa bure nalo lina vituko vyake. Berlin, stesheni ya chini ya uwanja mpya ilikamilika, uwanja wenyewe ukachelewa hadi 31 Oktoba 2020. Kwa miaka kadhaa walikuwa wanapitisha treni tupu kwenye handaki ili hewa izunguke, unyevu usile vifaa. Treni ya kwenda uwanja wa ndege usio na ndege.

#6 Zamu ya Alfajiri

Fundi hiyo treni tupu ya Berlin wangetupa sisi.

#7 Daftari la Hesabu

Tuzungumze hela, kwa sababu hapo ndipo michoro mizuri ya Fundi inapokwenda kufia.

Viwanja vingi vya ndege vinapata mapato makubwa kutoka kwenye maegesho ya magari. Kila abiria anayekuja na treni ni gari ambalo halikulipia maegesho. Menejimenti ya uwanja haitasema hadharani kwamba haitaki reli, itasema inataka reli "ya kiwango", halafu ubishi unaanza. Melbourne uwanja wa Tullamarine upo tangu 1970 na hadi leo hauna treni. Miaka ya karibuni serikali ilitaka kituo cha juu, uwanja ukadai cha chini ya ardhi ambacho ni ghali zaidi, na ubishi huo ulisimamisha mambo hadi 2024 uwanja ulipokubali cha juu. Wa Dulles nao walibishana hivyohivyo, wakaishia na cha juu ili kupunguza gharama, na abiria anatembea kidogo zaidi hadi kwenye jengo. Hajafa mtu.

Njia ya pili ya kuua reli ni kumwambia mbia binafsi ajirudishie mtaji kwenye geti la kituo. Sydney walifanya hivyo 2000. Kampuni ilipewa vituo vinne vipya, kila abiria anayeshuka au kupanda hapo analipa ada ya kituo juu ya nauli. Haukupita muda kampuni ikawa chini ya wafilisi. Lakini angalia vituo hivyo vinne: viwili tu ndivyo vya uwanja. Viwili vingine, Green Square na Mascot, ni mitaa ya watu wanaoishi, nao walikuwa wanalipa adhabu ya kukaa karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 2011 serikali ya jimbo ikaamua kuilipa kampuni ada ya vituo hivyo viwili, abiria wakaondolewa mzigo, na vituo vikajaa. Vya uwanja bado vina ada. Brussels nao wana nyongeza yao kwenye kila tiketi ya uwanjani tangu handaki la Diabolo lilipofunguliwa 2012.

New York ni somo la aina nyingine. AirTrain ya JFK, 2003, sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwenye tozo ya abiria wa ndege, na sheria ilitaka tozo itumike kwa abiria wa ndege tu. Kwa hiyo wakajenga chombo cha pekee kisichoungana na njia za chini ya ardhi za mji: unashuka Jamaica au Howard Beach, unalipa tena, unapanda kingine. Mtu akiuliza kwa nini treni ya mjini haiingii moja kwa moja uwanjani, aanzie kwenye masharti ya ile tozo. Chanzo cha fedha kilichora ramani.

Na kuna njia ya Hong Kong ambayo Mwendokasi Tu hakuigusa: kampuni ya reli ilipewa haki ya kujenga majengo juu ya stesheni zake, na mapato ya nyumba na ofisi yakasaidia kulipia reli. Inahitaji ardhi yenye thamani na serikali inayojua kuandika mkataba. Ukikosa kimoja, usiiguse.

#8 Begi Kubwa

Nyinyi wote mnaongea mabilioni. Mimi nina malalamiko ya sentimita.

Geti la tiketi. Yale ya kawaida yamepimwa kwa mwili wa mtu mmoja. Ukiwa na begi la magurudumu unalitanguliza, unagusa kadi, mlango unafunguka, begi linapita, mlango unafunga, wewe uko huku. Au unajitanguliza wewe na mlango unalibana begi. Kila kituo cha uwanja kingekuwa na mageti mapana tu, yote, si moja pembeni lenye foleni ya watu ishirini.

Lifti. Kituo kimoja nilichokipita, hakina haja ya jina, kina lifti mbili za kutosha watu wanane kila moja, na treni inashusha mamia kwa pamoja. Watu wenye matoroli wanapanga foleni hadi kwenye ukingo wa jukwaa, treni inayofuata inaingia na wale wa kwanza bado wapo. Aliyechora alihesabu abiria, hakuhesabu mabegi.

Ndani ya behewa sasa. Mabehewa ya Piccadilly yaliyotengenezwa miaka ya 1970 yaliachiwa nafasi pana karibu na milango kwa sababu walijua yatakwenda Heathrow. Hakuna rafu za ajabu, ni sakafu tupu tu. Sakafu tupu ndiyo bora, maana saa za kilele inajaa watu na saa nyingine inajaa mabegi. Rafu zilizo mwisho wa behewa watu hawaziamini, wanakaa na begi miguuni ili walione.

Mashine ya tiketi ndiyo ya mwisho. Mgeni ameteremka kwenye ndege ya saa kumi na mbili, macho mekundu, na kioo kinamuuliza kanda ya 1 hadi 4 au 1 hadi 6. Mwacheni aguse kadi ya benki getini apite.

#9 Mwendokasi Tu

Begi Kubwa hapo kwenye begi nimekubali yote. Ndiyo maana naona kukabidhi mzigo mjini ni jambo la lazima. Ukiondoa begi kwenye treni umemaliza nusu ya matatizo yako.

#10 Njia Mbili (mleta mada)

Muulize mtu wa Bangkok. Uwanja wa Suvarnabhumi ulifunguliwa 2006, reli ikaja Agosti 2010 na huduma mbili: ya moja kwa moja hadi Makkasan, dakika 15, ambako ungekabidhi begi lako, na ya kawaida inayosimama hadi Phaya Thai, inakoungana na BTS, treni ya juu ya mjini. Makkasan ni jengo kubwa lenye madawati ya mashirika ya ndege. Shida ni kufika pale: hakuunganiki vizuri na mji kama Phaya Thai. Watu wakaipita. Huduma ya moja kwa moja ilisimama 2014, madawati yakafungwa, na ile ya kawaida ikajaa wafanyakazi wa mjini. Hong Kong wanaweza kwa sababu stesheni yao iko katikati kabisa ya ofisi. Kabla ya kujenga madawati, pima watu wangapi wanaishi au kulala hoteli mwendo wa miguu kutoka hapo.

#11 Kiti cha Nyuma

Nimesoma kimya, nina swali la kishamba. Lazima iwe treni? LaGuardia, uwanja mwingine wa New York, walipanga AirTrain tangu 2015, makadirio yakaanzia dola milioni 450 yakavuka bilioni mbili, na njia yenyewe ilikuwa inampeleka abiria upande wa pili, mbali na Manhattan, ndipo abadilishe treni arudi. Machi 2023 ikafutwa, wakachagua kuboresha mabasi. Basi la Q70 linatoka uwanjani hadi Jackson Heights kwenye njia tano za treni na halitozwi nauli. Mimi naona huo ndio mpango wenye akili kuliko yote kwenye uzi huu.

#12 Daftari la Hesabu

Kwa uwanja mdogo au wa kati sina la kupinga. Basi kila dakika kumi, njia yake ya pekee, mlango pana, sakafu ya chini. Unaanza nalo mwaka huu, si baada ya upembuzi yakinifu wa miaka sita. Reli ina maana pale ambapo ukanda wenyewe una watu: mitaa, viwanda, vyuo kati ya mji na uwanja. Gautrain ya Johannesburg, Juni 2010, inatajwa kama treni ya uwanja wa OR Tambo, lakini njia yake kuu ni ya watu wa Johannesburg na Pretoria. Uwanja ni tawi. Ukanda ukiwa ni mashamba matupu na uwanja una ndege chache, nunueni mabasi.

#13 Kiti cha Nyuma

Sawa. Na hali ambayo ni ya kawaida zaidi: uwanja umeshajengwa, reli ya zamani inapita kilomita mbili pembeni, hela ya kuihamisha hakuna. Mnafanyaje?

#14 Fundi Mihimili

Hiyo ndiyo kazi tunayoletewa mara nyingi. Unajenga kituo kwenye reli ya zamani, halafu unaweka kiungo kifupi. Uwanja wa Luton, Uingereza, walifungua stesheni ya Parkway 1999 na kwa zaidi ya miaka ishirini abiria walimalizia na basi, hadi 2023 walipoweka kitreni kinachovutwa kwa kamba kinachokwenda chini ya dakika nne. Kizuri, lakini kina nauli yake juu ya ile ya treni. Düsseldorf wana SkyTrain ya kuning'inia tangu 2002 na tiketi yako ya treni inatosha. Birmingham walikuwa na cha sumaku kuanzia 1984 hadi 1995, kikawashinda kwa vipuri, tangu 2003 wana cha kamba na hakilipishwi.

Kwa kilomita mbili ningeanza hivi: kituo kipya kiwe na majukwaa mawili marefu ya kutosha treni ndefu kuliko zote za njia hiyo, na treni zote zisimame, hata za masafa. Lyon wana stesheni ya kifahari ya TGV, treni ya mwendo kasi ya Ufaransa, uwanjani tangu 1994, na imekaa kimya kwa sababu treni nyingi zinaipita bila kusimama. Kiungo kiondoke mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayehitaji kuangalia ratiba yake, kiwe ndani ya tiketi ya treni, na kianze kabla ya zamu ya saa kumi ya yule ndugu yetu. Kisimame pia upande wa maghala. Ukibaki na fedha, paua njia yote ya kutoka jukwaani hadi kwenye kiungo, na lifti ziwe nne badala ya mbili.